Macho Yangu Yanakwenda Ziwani

Eliya mwanangu,

Umekwenda Isansa kumuaga bibi yako, mama yako yuko shambani anatafuta mboga ya jioni, na nyumba nimeachiwa mimi na kuku. Jua bado kali, la kutosha kuandika. Nimekaa mlangoni na ile penseli nene tunayoandikia magunia ya kahawa, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa kama za gunia na karatasi zitakuwa nyingi. Usicheke. Herufi ndogo naweza kuziandika, ila kuzisoma siwezi, na hilo unalijua wewe kuliko mtu yeyote.

Mama yako atakwambia habari za blanketi, dawa ya homa, na mamba wa pale wanapoteka maji. Hayo ni yake, simwingilii. Mimi nina neno moja ambalo mdomo wangu umeshindwa kulitoa wiki nzima, kwa sababu kila nikilianza linageuka ugomvi. Nakuonea wivu. Haya, nimeliandika, na bado nipo hapa mlangoni.

Sikuonei wewe peke yako. Namwonea wivu Simbeye, dereva wa boti, anayekuja kukuchukua. Naionea wivu ile injini ndogo ya kuchajia ambayo tajiri wake wa samaki ameinunua. Naona wivu hata juu ya ziwa, ambalo nimezitia chaji betri zake miaka yote hii wala halijawahi kunilowesha kidole. Mama yako anasema, "Wivu wa mwanamume kwa mwanawe wa kumzaa, huo sijauona hata kwa jogoo." Nilimjibu kwamba jogoo hana mtoto anayejua kupima betri. Akaniambia nikae na ujinga wangu, akaenda kulala.

Wewe ulipopata akili ulinikuta tayari niko kwenye mashine ya kusaga ya Bwana Lalji, hapa Nanyala. Injini inazungusha mawe ya kusagia, mkanda wa pembeni unazungusha dainamo ya lori lililokufa, na dainamo inazilisha betri zangu nilizozipanga ubaoni. Za malori ya barabara ya Tunduma, za redio za mabwana wenye mashamba, na zile mbili za ziwani, moja ya kuwashia mota ya boti na moja ya taa. Hizo za ziwani zilikuwa zikija zimechafuka matope yaliyokauka, zina magamba ya samaki kwenye mishikio. Nilikuwa nazinusa. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nanusa betri kama mtu anayenusa nguo ya mkewe aliyesafiri.

Sasa nikwambie jinsi nilivyomleta Simbeye maishani mwetu, maana nilimleta mwenyewe. Mdomo uliniponza.

Betri ya kwanza ya ziwani ilipopanda hapa, dereva wa lori aliniuliza watu wa kule waitunzeje. Nilikuwa na haraka, na pia nilikuwa na kiburi cha mtu anayeulizwa. Nikasema, "Waambie maji yakipungua waongeze maji. Na betri ikichemka, imeshiba." Maneno yote mawili ni ya kweli. Lakini mimi nikisema maji, nawaza maji ya mvua ninayoyakinga kwenye bati na kuyafunika. Sikukumbuka kwamba wako watu ambao ukiwaambia maji, kwao ni ziwa. Na ziwa lile ni la magadi, ng'ombe wanalamba tope lake. Basi wakachota ziwani, wakamimina kwenye seli. Magadi yalipokutana na tindikali, betri ikachemka hadi povu likamwagika pembeni, na wao wakapiga makofi. Imeshiba! Simbeye mwenyewe alinisimulia kwamba siku ile walimsifu sana fundi wa Nanyala, aliyewafundisha kushibisha betri bila hata dainamo.

Wakaingia ziwani. Mota iliwaka kwa nguvu iliyokuwa imebaki. Walipoizima katikati ya matete ili wategue nyavu, haikuwaka tena, na kamba ya kuivutia ilikuwa imekatika siku nyingi kwa sababu waliitegemea betri yangu. Walipiga makasia kwa mbao za kukalia, viboko wakiwaangalia. Siku ya pili Simbeye alipanda lori hadi hapa, ameipakata betri magotini, suruali imetobolewa na tindikali, anauliza kwa sauti, "Fundi ni nani hapa?"

Mimi nilikuwa natafuta uongo wa kumjibu. Wewe ulikuwa bado mdogo, magoti yako yamejaa unga, ukaichungulia ile betri, ukagusa ule weupe uliokauka juu yake, ukauliza, "Shikamoo. Mlitia maji ya wapi?"

Swali lile ningeliuliza mimi siku ile ya lori, yasingetokea yote hayo. Simbeye alisahau ugomvi. Alikutazama, akasema, "Mwana wandi, wewe una kichwa." Nilikijua Kibemba hicho. Alikichukua ng'ambo, kwenye migodi ya shaba, pamoja na ufundi wa mota. Mwana wandi, yaani mwanangu. Nilidhani ni neno la mdomoni tu, jinsi watu wa mpakani wanavyomwita kila mtu mukwai, yaani bwana, ili wauze. Kumbe yeye hana mtoto, na neno hilo alikuwa amekaa nalo muda mrefu akitafuta pa kuliweka.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Tangu siku ile, kila betri zilipopanda, alizisindikiza mwenyewe. Alikuletea kambale mkavu, akakupa wewe mkononi, wewe ndiye ukampa mama yako. Alikufundisha kuiga mlio wa mota inayokohoa na mlio wa mota iliyochoka. Ukaanza kujifutia mikono mapajani kama yeye. Siku uliyosema "awe" ndani ya nyumba yangu badala ya "hapana", sikula. Mama yako akanikorogea uji akidhani ni tumbo. Kama huko uendako utataka kumwita baba, mwite, sikukatazi, lakini mwite kwa Kibemba. Kwa Kinyiha na kwa Kiswahili nafasi imeshajaa.

Macho yangu unajua yalivyoharibika, lakini hujui kiburi nilichokuwa nacho siku ya ajali, na hilo ndilo la kukufaa. Ilikuwa ni betri ya lori. Seli moja ilikuwa inanisumbua, haichemki kama nyingine. Nilikuwa nimeshaambiwa na fundi aliyenifundisha kwamba betri inayochajiwa hutoa hewa inayoshika moto, nami nilikuwa nawaambia watu hivyohivyo kila siku. Lakini kona ile ina giza, na nilisema moyoni, mimi na betri tunajuana. Nikaisogeza koroboi nichungulie kidogo tu. Ililia kama bunduki, tindikali ikanirukia machoni. Mama yako aliyekuja kusaga siku hiyo ndiye aliyenimwagia mtungi mzima wa maji usoni, vinginevyo leo ningekuwa nashikwa mkono njiani. Kwenye boti, betri inakaa ndani ya sanduku lenye kifuniko, ili maji yasiirukie. Hewa ile inajikusanya humo. Fungua sanduku kwanza, iache ipumue, ndipo ushike nyaya au uwashe mota. Na mvuta sigara mwambie ahamie upande wa pili, hata kama ni Simbeye. Hasa kama ni Simbeye.

Ukungu uliingia machoni polepole baadaye. Kile kipimo cha kioo chenye mpira wa kunyonyea, kijiti chake kikielea juu betri imeshiba, kikizama ina njaa. Kuelea na kuzama nilikuwa bado nakuona. Lakini tarakimu za kwenye kijiti ni kama mayai ya chawa, na kati ya shibe na nusu shibe mna tarakimu tatu tu. Ndipo nikaanza kusema, "Eliya, hebu shika hii, mikono yangu ina grisi." Mikono yangu ilikuwa na grisi kila siku, mwanangu. Wewe hukuwahi kuniuliza sabuni iko wapi. Ulinyonya, ukasoma, ukaniambia namba sikioni, nami nikaitangaza kwa mwenye betri kana kwamba nimeiona mwenyewe. Nilikushukuru moyoni, na moyoni humohumo nilikuchukia kidogo. Hiyo ni kweli na sitaifuta. Mtu anayeazima macho ya mwanawe kila asubuhi hawezi kumtazama mwanawe sawasawa.

Basi wiki iliyopita Simbeye akaja na habari yake. Tajiri amenunua injini ya kuchajia, betri za ziwani hazitapanda tena Nanyala, zitachajiwa hukohuko zinakotumika. "Kwa hiyo Baba Eliya," akasema, "nataka mtu wa betri. Akae na sisi, apime kabla ya boti kutoka na apime ikirudi."

Wewe ulikuwepo, uliona. Nilisimama. Nilijipangusa unga kwenye koti. Nikasema, "Nitazungumza na mama Eliya, lakini kwa upande wangu safari haina taabu." Nilikuwa nimeshajiona nimekaa kwenye boti, maji pande zote, na mimi ndiye ninayesema twende au tusiende.

Akanitazama kwa huruma. Afadhali angenicheka. "Awe, mukwai," akasema. "Mimi nilikuwa namsemea huyu mwana wandi."

Nilikaa chini. Na wewe, badala ya kunyamaza, ukasema, "Baba hawezi kubaki peke yake." Ulisema kwa wema, najua. Lakini nilikuwa nimepigwa shavu moja, wema wako ukanipiga la pili. Ndiyo maana nilikufokea mbele ya mgeni, nikasema nilichaji betri kabla hujazaliwa na nitachaji ukishaondoka. Nenda, nilisema, kama ni kwenda. Ruhusa gani hiyo ya kumtolea mtu kama unamfukuza mbwa?

Juzi nikakusikia jikoni. Ulidhani niko kwa jirani. Ulikuwa unamwambia mama yako, "Nitakaa huko mpaka kahawa ianze kuiva, halafu nitasema homa ya ziwani imenishinda, nirudi. Baba ataaibika, mama. Bwana Lalji akijua haoni, atamwondoa." Na mama yako hakukupinga. Alisema tu, "Usimwambie."

Nilisimama nyuma ya ukuta na hasira zangu zote, nikawa sina pa kuzipeleka. Nimekuonea wivu kwa sababu unakwenda, kumbe wewe hata huendi. Unakwenda kwa kuazimwa tu, kisha urudi uwe macho ya mzee mpaka mzee afe. Mtu akikuonea wivu kwa ng'ombe wako, walau basi uwe na ng'ombe. Siwezi kumwonea wivu mtu aliyejifunga kamba kwenye mguu wangu.

Kwa hiyo jana nilikwenda kwa Bwana Lalji. Nilimkuta dukani anapima sukari. Nikamwambia, "Bwana, macho yangu hayasomi kipimo. Ni Eliya ndiye amekuwa akisoma." Nilishika kofia mkononi. Nilikuwa nimeandaa na maneno mengine.

Hakuacha kupima sukari. Akasema, "Haonga, wewe unafikiri mimi kiziwi? Mashine inanguruma, mtoto anakusemea sikioni kwa kupiga kelele. Namba zinasikika mpaka barabarani. Wanawake wanaosubiri unga wanazijua namba za betri zote hapa. Mke wangu anazijua."

Eliya, siri yetu ile tumekuwa tukiitangaza kwa sauti ya juu kuliko injini. Nilicheka, mwanangu. Nilicheka hadi nikashika kaunta, na yeye naye akacheka, akamwaga sukari. Halafu akaikusanya ile sukari, akasema, "Lakini sasa mtoto anakwenda. Lori moja likirudi linalalamika, tutazungumza. Mawili yakirudi, hatutazungumza." Hayo ndiyo mapatano yetu. Si mabaya. Nimeyakubali mwenyewe, hukuyapanga wewe wala mama yako.

Nikupe na yale niliyoyalipia, upunguze kuyalipia mara ya pili. Mota ikiwaka asubuhi, usiseme betri ni nzima. Betri inayokufa inaweza kuwasha mota mara moja ikiwa nchi kavu, kwa ustaarabu tu, ikaja kukuaibisha matetani. Pima. Na usipime seli moja ukazisemea nyingine, maana zote ziko kwenye sanduku moja lakini hazina tabia moja, na ile dhaifu ndiyo itakayokurudisha kwa makasia. Boti ikipumzika siku za upepo, usiiache betri na njaa ukisema utailisha siku ya safari. Nimeua betri tatu za watu kwa uvivu huo, nikawaambia wenyewe kwamba zilikuwa za kiwanda kibaya. Maji yake ni ya mvua peke yake, weka bati na pipa lako mapema, na pipa lako hilo mwanamke asichote la kupikia, mtagombana lakini simamia hapo. Simbeye atapenda kuwasha taa kubwa mota ikiwa imezimwa, aonekane na watu wa ufukweni. Ana majivuno, nimemwona. Mkataze. Akisema yeye ndiye dereva, mwambie yeye dereva na wewe betri, na boti haiendi kwa dereva peke yake.

Sikuambii haya kwa sababu wivu umeisha. Ungali upo, umekaa hapa na mimi mlangoni. Nikifikiri kwamba keshokutwa utaona maji mpaka macho yashindwe, na kwamba mtu wa kwanza kukuuliza "umeyaonaje?" atakuwa ni Simbeye, naiweka chini penseli. Labda ni hivyohivyo kwa kila baba, ila wao wanaona haya kusema. Baba yangu alinifukuza kwa fimbo nilipotaka kwenda kujifunza mashine, nikadhani ananichukia. Sasa namwelewa kidogo, na bado fimbo sikuipenda. Kwa hiyo wewe nakupa ruhusa kwa maandishi, ile ya siku ile haikuwa ruhusa. Nenda, mwanangu. Nimekubali, na Mungu akutangulie kwenye yale maji.

Kuna moja la mwisho. Zile betri mbili utakazoshuka nazo kesho nimezichaji peke yangu, jana na leo. Sikukuita. Sikuweza kusoma kipimo, basi nilichukua kijiti, ncha moja juu ya betri, nyingine sikioni, nikasikiliza seli kwa seli jinsi zinavyochemka, katikati ya ngurumo yote ile. Nilizigusa ubavuni kusikia joto. Niliinusa ile harufu kali mpaka nikapiga chafya. Najua, ile betri ya magadi ilitufundisha kwamba kuchemka peke yake si ushahidi. Sina mwingine.

Sijui kama nimepatia, Eliya. Lori likija kesho usizipime hapa, maana utanisomea namba ya kunifurahisha, nakujua. Zipime ziwani, mbele ya Simbeye, seli zote, na usome kwa sauti yako ileile ya kwenye mashine. Zikiwa zimeshiba, mwambie ni nani aliyezichaji. Zikiwa na njaa, mwambie vilevile ni nani, kisha zichaji wewe, na lori la kurudi Nanyala liache liondoke.

Baba yako,
Haonga